Gramu Moja, Bido Moja

Mazungumzo haya niliyatoa Bukavu, mashariki mwa Kongo, katika ukumbi mmoja wa Kadutu, mbele ya mafundi wa dhahabu, wanunuzi, wauguzi wachache na wanafunzi wa kemia. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Bapapa na bamama, wakubwa wangu mafundi, na nyinyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: jambo yenu.

Nianze na deni. Huyu mzee wetu wa mstari wa mbele, mwenye kofia, juzi alinikopesha gramu moja ya dhahabu. Aliipima mwenyewe mbele ya macho yangu, kwanza kwa mizani ya betri, kisha kwa njiti za kiberiti kama mawe ya mizani, maana mizani ya betri haiamini. Akanipa kwa sharti moja tu: irudi. Nikamwambia itarudi. Akaniuliza, "Itarudi ilivyo?" Hapo nikanyamaza kidogo. Kwa hiyo chochote mtakachosikia leo kichukueni kama maelezo ninayompa mzee ya mahali gramu yake ilipo.

Ipo hapa. Chupa hii yenye maji ya manjano, manjano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, ina mililita 100, na gramu ya mzee imo ndani karibu yote. Haikuyeyuka kwa moto. Imeliwa na asidi.

Nyinyi mafundi mnajua kwamba asidi ya nitriki peke yake haili dhahabu, na ndiyo sababu mnaitumia. Mnachemsha nayo, fedha na shaba na mabaki ya zebaki vinaondoka, dhahabu inabaki chini imetulia. Lakini chukua sehemu tatu za asidi ya hidrokloriki, sehemu moja ya nitriki, changanya, na hapo dhahabu inasalimu amri. Wazee wa kemia waliuita mchanganyiko huo maji ya kifalme. Nitriki inaitoa atomi elektroni zake, kloridi inaidaka kabla haijarudi kwa wenzake. Nilifanya kazi hiyo uani, upepo ukiwa mgongoni, kwa sababu moshi wake wa kahawia unaua mapafu. Asije mtu akaifanya chumbani anakolala na watoto. Chini ya chupa palibaki unga mweupe kama maziwa yaliyoganda. Ule ni kloridi ya fedha. Mzee, usikasirike: gramu yako haikuwa dhahabu tupu.

Na kama mnadhani dhahabu ikiingia majini imepotea, sikilizeni kisa hiki. Mwezi wa nne wa 1940 Wajerumani waliingia Copenhagen. Katika taasisi ya mwanafizikia Niels Bohr zilikuwamo medali mbili za Nobel, za Max von Laue na James Franck, zimefichwa huko zisichukuliwe na serikali ya Hitler. Medali zilikuwa za dhahabu na majina yamechongwa juu yake. Kuitoa dhahabu nje ya Ujerumani lilikuwa kosa kubwa, na jina la mtu lilitosha kumponza. Mkemia George de Hevesy akazitumbukiza kwenye maji ya kifalme. Askari wakapekua jengo, chupa ikawa rafuni inawatazama. Vita vilipokwisha chupa ilikuwa bado pale pale, dhahabu ikatolewa majini, ikapelekwa Sweden, medali zikachongwa upya. Basi mzee ana haki ya kulala usingizi.

Sasa niseme lile lililonileta. Maisha yote ya dhahabu ya kwetu ni kukusanywa. Mchimbaji wa Kamituga analitoa jiwe shimoni. Mama mtwangaji analiponda mpaka liwe unga. Unga unaoshwa, mchanga unakwenda na maji, kilicho kizito kinabaki. Wengine wanatia zebaki ili ikusanye punje ambazo jicho halizioni, kisha wanaichoma, na moshi wake wanauvuta wao na watoto waliokaa karibu na babula, lile jiko la makaa. Halafu fundi anatia boraksi, unga unaosaidia dhahabu kuyeyuka na kujisafisha, anapuliza moto, na kile kilichokuwa vumbi kinakuwa tonge. Kila mkono unaipokea dhahabu imetawanyika na kuipitisha imeshikana zaidi. Ikifika kwenye kontwari, nyumba ya wanunuzi hapa mjini, imekuwa tonge linalong'aa, na hapo ndipo mtu anapewa hela.

Mimi nimekuja kuwaonyesha kazi ya kinyumenyume. Kuitawanya dhahabu mpaka iwe chembe ambazo darubini ya shule haizioni, halafu kuzizuia zisirudiane, halafu kuzitoa katika maji yaliyozizaa zikiwa bado hazijarudiana. Sehemu ya kwanza ni ya dakika kumi. Ya pili na ya tatu ndizo kazi.

Haya, tuwashe jiko.

Ndani ya chupa hii ya kioo mna mililita 50 za maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyosafishwa kwa mvuke, yanachemka. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo maji ya Bukavu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Walioandika vitabu vya kemia hawakuishi kando ya Ziwa Kivu. Sisi tunangoja kidogo zaidi. Kutoka kwenye chupa ya manjano navuta robo mililita. Ndani yake mna karibu miligramu mbili na nusu za dhahabu ya mzee. Naitia. Maji yamepata umanjano wa mbali tu, wengine huko nyuma hata hamuuoni.

Na hii ya pili ni sitrati ya sodiamu, chumvi inayotokana na ile asidi ya ndimu. Wauguzi mliopo mnaijua. Ndiyo iliyo ndani ya mirija yenye kifuniko cha buluu, inayozuia damu isigande. Kwenye damu inaikamata kalsiamu. Hapa inafanya kazi nyingine kabisa. Lakini mimi nafurahi kila mara nikikumbuka kwamba kitu kimoja kinazuia damu isigande na dhahabu isigande.

Natia mililita moja. Msipepese macho.

Umanjano umekwenda. Maji meupe kabisa, kama hakuna kitu. Hesabuni pamoja nami. Ishirini, ishirini na moja... Mnaona kivuli hicho, kama mtu amedondosha tone la wino? Buluu ya kijivu. Inazidi. Sasa ni zambarau. Na sasa, kabla sijamaliza kusema, nyekundu. Nyekundu ya divai ya misa.

Aksanti kwa makofi. Naona mzee hakupiga. Anauliza dhahabu iko wapi. Iko humo, mzee, na haijabadilika kuwa kitu kingine. Ni dhahabu ile ile, metali ile ile, ila imegawanyika katika chembe za upana wa nanometa 16 hivi, na nanometa ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Ukizipanga bega kwa bega, chembe 5,000 ndizo zinazotimiza upana wa unywele mmoja. Katika chupa hii ndogo zimo kama trilioni 60, na kila moja ina atomi zaidi ya laki moja. Ukitaka kuitumia gramu yote kwa kipimo hiki, utajaza lile bido la manjano la lita 20 wanalobeba watoto kwenda bombani, lijae divai mpaka shingoni.

Kwa nini nyekundu? Elektroni za dhahabu zinatembea huru ndani ya metali. Kwenye tonge zinasogea kama maji ya ziwa. Kwenye chembe ndogo kiasi hiki zimebanwa kama maji ndani ya kikombe, na ukikitikisa kikombe kwa mwendo wake kinafurika. Mwanga wa kijani, wenye urefu wa mawimbi wa nanometa 520 hivi, ndio wenye mwendo huo. Chembe zinaumeza, na macho yanapata kilichobaki. Chembe zikigusana kikombe kinakuwa kikubwa, mwendo unabadilika, rangi inahamia kwenye buluu. Hilo lishikeni, maana nyumbani hamtakuwa na darubini ya elektroni. Rangi ndiyo darubini yenu.

Nani ana tochi kwenye simu? Zimeni taa. Hii glasi ya kwanza ina maji ya chumvi: mwanga unapita, ndani hamwoni kitu. Hii ya pili ni nyekundu yetu: mwanga umechora njia, kama jua linalopenya tundu la bati kwenye chumba chenye vumbi. Michael Faraday aliliona jambo hilo hilo London, akaliandika mwaka 1857, na kwa kutumia njia hiyo ya mwanga alisema kwamba ule wekundu ni dhahabu yenyewe, imekatika vipande vidogo mno. Hakuwa na chombo cha kuviona. Chupa zake nyingine zimehifadhiwa mpaka leo kwenye Royal Institution, nazo bado ni nyekundu. Na kabla yake walikuwapo waliofanya bila kujua: British Museum kuna kombe la kioo la Warumi, la karne ya 4, ukilitazama mwanga ukiwa mbele yake ni la kijani, ukiweka taa ndani linawaka jekundu. Fundi wake alikuwa na vumbi la dhahabu na fedha ndani ya kioo. Sidhani alijua nini kilichokuwa kikitokea, na ningetoa mengi kumuuliza.

Sitrati imefanya kazi mbili kwa mpigo. Imeirudishia dhahabu elektroni zake, ikawa metali tena. Kisha imejibandika juu ya kila chembe na kuipa chaji hasi, kwa hiyo chembe zikikaribiana zinasukumana, kama sumaku mbili ulizozikabilisha ncha zinazofanana. Njia hii ilichunguzwa na Turkevich na wenzake mwaka 1951, na Frens mwaka 1973 akaonyesha namna ya kuchagua ukubwa. Sikilizeni, maana ni kinyume na akili ya kawaida. Kwa maji haya haya mililita 50, mililita moja ya sitrati ya asilimia moja inakupa chembe za nanometa 16. Punguza iwe nusu mililita, unapata 41. Punguza mpaka 0.3, unapata 71. Dawa kidogo, chembe kubwa. Ni kama shamba la ukoo huko Bushi. Dhahabu ndiyo shamba, na haiongezeki. Watoto wakizaliwa wengi, kila mmoja anapata kipande kidogo. Wakizaliwa wachache, kila mmoja ni tajiri. Sitrati nyingi inazalisha mbegu nyingi na inazilinda zote. Kidogo inaacha zilizokosa ulinzi zirudiane mpaka zibaki chache.

Leo imefaulu mara ya kwanza, lakini msinisifu. Mwaka fulani nilipoteza wiki nzima. Nilikuwa nimenunua bido la maji ya batri barabarani, kwa kuwa maji yaliyotoneshwa yalikuwa yameniishia. Mara ya kwanza: kivuli cha wino, zambarau, kisha matope meusi chini. Nikasema sitrati imezeeka. Nikatengeneza mpya. Matope. Nikasema dhahabu ni chafu. Nikaisafisha upya, siku mbili. Matope. Siku ya tano, kwa hasira tu, nikachukua maji yale matupu nikayatonea nitrati ya fedha, inayofichua chumvi. Yakawa meupe kama yale yaliyosuuzia mchele. Yalikuwa ya bomba! Aliyeniuzia simsemi, pengine naye aliuziwa. Chumvi ya bomba, ambayo wewe unainywa na hata huisikii ulimini, inatosha kuivunja chaji ya chembe zote. Tangu siku ile sipimi kitu kingine kabla sijapima maji. Na kioo nakisuuza kwa maji ya kifalme, kisha kwa maji yaliyotoneshwa mara nyingi, na sitii kidole ndani wala kijiko cha chuma. Alama ya kidole tu ni mahali pa mbegu kujishika.

Sasa tufike kwenye kutoa. Hapa ndipo mafundi wangu mtanichukia.

Maji haya mekundu si dhahabu na maji peke yake. Mna sitrati iliyobaki, mabaki ya sitrati iliyokwisha kutumika, kloridi, sodiamu, na asidi kidogo. Mteja anataka chembe zenyewe, safi, na nyingi ndani ya tone dogo. Mtazitoaje?

Fundi wa kwanza atasema, chuja. Kwa karatasi? Tundu la karatasi ya kuchujia lina upana wa nanometa 10,000 hivi. Chukua wavu wa sambaza, samaki ambaye urefu wake ni kama kidole, halafu ufanye tundu zake ziwe za mita 60. Ingia ziwani usiku na taa zako, imba nyimbo zako zote. Asubuhi utarudi na maji.

Fundi wa pili atasema, kausha. Nilikausha. Kwenye kioo kukabaki utando mzuri wa rangi ya shaba, wenye kung'aa pembeni. Nikaurudishia maji, nikatikisa, nikachemsha. Haukurudi kuwa mwekundu hata chembe. Maji yanapoondoka, chumvi inakolea, chembe zinasukumwa karibu, zinagusana, na dhahabu safi ikigusana na dhahabu safi inaungana bila kuomba moto. Tonge linayeyuka kwenye nyuzi 1,064, ndiyo. Lakini chembe za nanometa mbili au tatu zinayeyuka mamia ya nyuzi chini ya hapo. Atomi za juu hazina majirani wa kuzishika upande wa nje, na kwenye kitu kidogo hivyo sehemu kubwa ya atomi ni za juu.

Wa tatu atasema, tia chumvi itue chini. Itatua, kweli. Nitawaonyesha mwisho, maana ndiyo njia ya kulipa deni.

Mmeona? Moto, chumvi, asidi, kukamua, kukausha: kila kitu mkono wa fundi ulichojifunza kwa miaka 30 ni cha kukusanya. Mkono huo ni mzuri, lakini kwa kazi hii uache mlangoni pamoja na viatu.

Kinachofaa ni kuongeza uzito. Chembe ya nanometa 20 ikiachwa itue yenyewe ndani ya maji, inashuka theluthi moja ya milimita kwa siku, na hata hapo haifiki, kwa sababu maji yanaisukumasukuma na kuirudisha juu. Ndiyo maana chupa za Faraday hazijatua. Lakini itie kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi, inayoifanya iwe nzito mara 5,000, na sentimita nne inazimaliza kwa nusu saa hivi. Mashine wanayozungushia damu hospitalini nyingi hazifiki hapo. Zinafika nusu au chini ya nusu, kwa hiyo nusu saa inakuwa saa moja, saa mbili. Inawezekana. Nilikopa moja.

Na hapo nikajifunza jambo ambalo sikuwahi kulisoma. Siku ya kwanza, kwa tamaa, niliiacha izunguke muda mrefu kupita kiasi. Chini ya mrija nikakuta ngozi nyeusi yenye ubuluu, imegandamana na plastiki. Nikatia maji, nikatikisa mpaka mkono ukauma. Vikatoka vipande. Imekufa. Siku ya pili umeme ukakatika kazi haijaisha. Nikasema na hii nayo imekwenda. Nikauinua mrija kwenye dirisha. Juu maji yalikuwa yamebaki na wekundu wa mbali; chini kulikuwa na tone zito, jekundu kama damu iliyokolea, linateleza ukiuinamisha mrija kama mafuta ya mawese ya asubuhi. Nikayavuta yale ya juu kwa sindano, polepole, nikayaacha matone ya mwisho. Nikatia maji kidogo, na lile tone likafunguka lenyewe na kuenea, jekundu safi. Tangu hapo sitafuti tena mrija ambao maji ya juu yamekuwa meupe kabisa. Nasimamisha kabla. Nakubali kupoteza kidogo juu ili nisipoteze chote chini.

Kusuuza nako kuna kiasi chake. Ukisuuza kwa maji matupu mara tatu, mara nne, ukijiona msafi, umeivua sitrati yenyewe inayozitenganisha, na zinaungana mikononi mwako. Tia sitrati kidogo sana kwenye maji ya kusuuzia, na suuza mara moja au mbili. Usafi wa hapa ni wa kuacha kitu.

Ukitaka kutenga kubwa na ndogo, mashine hiyo hiyo inakusaidia, kwa sababu chembe yenye upana mara mbili inashuka kwa kasi mara nne. Zungusha kidogo kwanza: kubwa na matope zinatua, unachukua za juu. Zungusha tena kwa muda zaidi: zile unazozitaka zinatua, vumbi dogo linabaki juu. Mama wa Kamituga anayezungusha karai mtoni anaielewa sheria hii kuliko mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili.

Kwa wale wanaong'ang'ania unga mkavu, ipo njia, ila si ya jikoni. Mwaka 1994, Liverpool, Brust na Schiffrin na wenzao walizivisha chembe koti la molekuli zenye salfa. Dhahabu na salfa vinashikana kweli kweli, si kwa chaji tu. Chembe zao, za nanometa moja mpaka tatu, waliziangusha kutoka kwenye tolwini, kiyeyushi kisicho maji, kwa kutia alkoholi nyingi na kuweka kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, wakazichuja, wakapata unga wa kahawia iliyokolea. Unaukausha, unautia chupani, na siku ukiutaka unauyeyusha upya kwenye tolwini kama sukari majini. Wenyewe waliona ajabu. Mimi sijaifanya, kwa kukosa friji isiyozimika.

Ya fedha nitaipita haraka: inatoka manjano kama bia, inachukia mwanga, na haidumu kama dhahabu. Jambo moja tu, wanafunzi: amonia msiitie kwenye maji ya fedha au ya dhahabu mkayaacha yakae. Yanazaa kitu kinacholipuka kwa kuguswa. Platini na paladi hazina rangi ya kupendeza, ni kahawia nyeusi. Lakini ndizo zilizo ndani ya bomba la moshi la magari, zimetandazwa kama chembe juu ya udongo wa alumina ili zisafishe moshi. Gramu moja ya dhahabu ikiwa tonge ina uso usiofika sentimita moja ya mraba. Ikiwa chembe za nanometa 16 ina mita za mraba 19, sakafu ya chumba. Kemia inafanyika juu ya uso, na hapo ndipo thamani ilipo.

Na kabla mtu hajaniuliza: hapana, hainywewi. Najua kuna wanaouza chupa za maji ya fedha kama dawa ya kila ugonjwa. Anayekunywa fedha kwa muda mrefu ngozi yake inageuka ya kijivu yenye ubuluu, na hairudi. Marekani, mamlaka yao ya dawa ilikwisha kusema mwaka 1999 kwamba maji hayo hayatambuliwi kuwa salama wala kuwa tiba. Kesho mtu akija hapa sokoni na chupa nyekundu akisema ni dhahabu ya kusafisha damu, mwambieni mwalimu amekataa.

Lakini kazi yake ya kweli hospitalini ipo, na wote mmeishaiona. Mtoto akiwa na homa, muuguzi anamtoboa kidole, anatia tone kwenye kile kibao cheupe cha kupima malaria, mnakaa mnangoja mstari. Ule mstari mwekundu ni nini? Kwa vibao vingi ni hii. Chembe za dhahabu, ambazo juu yake wamebandika kingamwili inayoitambua protini ya kimelea. Damu inazibeba kwenye karatasi. Kama kimelea kipo zinanaswa kwenye mstari, zinarundikana, unaziona. Mama anasoma dhahabu kwa macho. Kiasi chake ni sehemu za milioni za gramu.

Na vibao hivyo vinatengenezwa India, vinatengenezwa Korea Kusini. Sisemi kwamba dhahabu iliyomo imetoka Kamituga. Dhahabu haiandikwi jina. Nasema tu kwamba sisi tunaiuza kwa tola, kile kipimo cha wanunuzi, na kwenye zahanati tunakutana nayo tena, nyekundu, na hatuitambui.

Swali limetoka kwa yaya, mkubwa wetu mnunuzi pale: inauzwa ngapi? Ndugu, nilijua litakuja. Wauza kemikali wa Ulaya na Marekani wanauza chupa ya mililita 25 yenye dhahabu isiyozidi miligramu moja na ushee, na bei yake iko mbali sana juu ya metali iliyomo. Usianze kuhesabu kwenye simu. Wanachouza si dhahabu. Wanauza hakika kwamba chupa hii na ile ya mwaka jana zina chembe za upana mmoja, na picha ya darubini ya elektroni ya kuthibitisha. Sisi bado hatuna hiyo hakika. Mimi leo nimepata divai; kesho kwa maji mengine nitapata matope. Anayetaka kuingia kwenye biashara hii aanze kwa kutengeneza chupa mia moja zinazofanana, azitupe zote, halafu tuongee.

Hazitupwi, naam, mzee amenirekebisha. Basi tulipe.

Hii nyekundu tuliyoipika, natia chumvi ya jikoni, ncha ya kijiko. Tazameni... buluu. Pumzi moja tu. Wacha ikae, itakuwa kijivu, na kesho asubuhi maji yatakuwa meupe na chini kutakuwa na vumbi jeusi. Chupa ya manjano nitaitia sulfati ya chuma, na dhahabu itaanguka yote ikiwa unga wa kahawia, ambao ukiuona usingeufikiria. Utauosha, utautia boraksi, utaupuliza moto, na tonge lako litarudi, jepesi kidogo, kwa sababu ya ile fedha niliyokwambia.

Watu walipokuwa wakitoka, mzee alibaki. Alikuwa ameishika ile chupa yenye kijivu, anaigeuza dirishani. Nikamwambia kesho nitaichuja nimletee na nyingine zote. Akaniuliza humu mna kiasi gani. Nikamwambia miligramu mbili na nusu. Akatoa kiberiti mfukoni, akachukua njiti, akaivunja katikati. Akaivunja nusu ile. Akaivunja robo. Alipofika kwenye kipande ambacho kucha zake hazikuweza tena kukishika, kilidondoka sakafuni, akainama kukitafuta, nami nikainama.